Uzito Puani: Maisha ya Ratnakar Devadas Salins, 1951–2025

Wasifu huu umeandaliwa kwa niaba ya familia na kusomwa na shemeji wa marehemu, Prabhudas Karkada, katika ibada ya mazishi, Dharwad, Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025.

Kwa Tangazo lililotolewa Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, na kubandikwa juu kabisa ya ukurasa wa mbele, mahali ambapo hakuna awezaye kudai hakuliona, Msimamizi Mkuu aliwaarifu wanachama wote wa jukwaa la Gundi na Subira kwamba jukwaa hilo litafungwa rasmi na kwa kudumu mwisho wa siku ya tarehe 31 Agosti 2025. Kwamba uamuzi huo ni wa mwisho. Na kwamba ujumbe wowote wa kuupinga, kuulilia au kuujadili utafutwa bila onyo.

Tunaanza na tangazo hilo kwa sababu ndilo andiko rasmi la mwisho la marehemu, na kwa sababu wengi mliokusanyika hapa mnamjua kama Salins wa ofisi ya simu, au Salins aliyefufua vipaza sauti vya kanisa kila Pasaka, na hamjui kwamba kwa miaka ishirini na mbili alikuwa pia mtawala wa nchi. Nchi yenyewe ilikuwa tovuti. Raia wake walikuwa watu wazima wenye akili zao, wanaounganisha ndege, meli na vifaru vidogo vya plastiki, wakavipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unyoya wa paka, kisha wakaonyeshana picha na kuulizana wamekosea wapi. Nchi hiyo haikuwa na hazina wala mishahara. Haikuwa na jeshi pia, ingawa karibu kila raia alikuwa na vifaru kabatini. Aliyetaka kusaidia alisaidia, na akichoka aliondoka. Marehemu alichoka lakini hakuondoka. Huo ndio muhtasari. Yanayofuata ni maelezo.

Ratnakar Devadas Salins alizaliwa Ijumaa, tarehe 17 Agosti 1951, huko Malpe, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Devadas Salins, msimamizi wa tanuri katika kiwanda cha vigae, na Bi. Sundari. Alikuwa na umri wa miaka sita alipotengeneza ndege yake ya kwanza, aliyoichonga kwa kipande kizima cha sabuni nyekundu ya kuogea. Mama yake aliingia bafuni, akatoka na swali ambalo familia imelitunza hadi leo: “Nani anataka nijisugue na bawa?” Mtoto akamjibu kwamba anaweza kutumia mkia, maana mkia hauna kazi kubwa. Alichapwa. Sabuni ilitumika mpaka ikaisha, bawa kwanza. Kuhusu umuhimu wa mkia, marehemu alikuja kubadili mawazo, kama mtakavyosikia.

Mwaka 1959 aliletwa hapa Dharwad kwa mjomba wake, akasoma shule ya misheni hadi alipomaliza sekondari mwaka 1968. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa hodari wa kuchora na hesabu, na kwamba katika ushairi alikuwa “mvumilivu.” Alipata stashahada ya ufundi wa umeme huko Hubballi mwaka 1971. Kuhusu miaka hiyo tunachojua kwa hakika ni kwamba hakushindwa mtihani, hakuvunja dirisha la mtu, na nauli ya kwenda Malpe wakati wa likizo aliila yote kwa kununua gundi.

Tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa katika ofisi ya simu ya Hubballi. Alikaa huko hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2009, akienda na kurudi kwa basi, mwavuli mkononi hata kiangazi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu walio mbali wanasikilizana. Wakishaunganishwa, aliwahi kusema, wengi hutumia nafasi hiyo kugombana, lakini hilo si la fundi. Jioni alirudi nyumbani, na baadaye katika maisha yake akawa anafanya kazi hiyo hiyo tena, bure.

Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1980, alifunga ndoa na dada yangu, Hemalata Karkada, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya wasichana. Ndoa hiyo nusura isiwepo. Siku ya kuja kujitambulisha, baba yetu alisogea karibu na mgeni, akanusa shati lake, akamkazia macho.

“Kijana, unakunywa nini?”

“Sinywi, mzee. Ni rangi.”

“Unapaka nyumba?”

“Hapana, mzee. Meli.”

“Meli? Hapa Dharwad?”

Shughuli ilisogezwa mbele miezi miwili, hadi mchungaji wa wakati ule alipokwenda nyumbani kwa kijana kuthibitisha kwamba meli ipo, na kwamba inaenea juu ya kitabu cha nyimbo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Anupama, aliyezaliwa mwaka 1983 na kufundishwa kutembea bila kukanyaga sakafu ya chumba cha nyuma. Huko kilikuwa kimeanguka kitu kidogo, na kilikuwa kinatafutwa. Kitu hicho kilianguka na kutafutwa kwa miaka arobaini na mitano.

Jukwaa alilianzisha Ijumaa, tarehe 14 Februari 2003, siku ambayo waume wengine huwapelekea wake zao maua. Dada yangu aliitambua tarehe hiyo mara moja, akalipa jukwaa jina la Mke Mdogo, na hajawahi kuliita vinginevyo. Chakula kikipoa mezani alisimama mlangoni na kusema, “Mwambie Mke Mdogo akupashie.” Umeme ukikatika alisema, “Pole, mwenzangu amelala mapema leo.” Sisi ni Waprotestanti wa Kanara na ndoa zetu ni za mke mmoja. Ilibidi wageni waelezwe.

Sheria za jukwaa zilikuwa tatu, zote kwa mkono wake. Ya kwanza: hakuna swali la kijinga. Ya pili: vita vilikwisha, hapa tunajadili rangi tu. Ya tatu: weka uzito puani kabla ya kuunganisha mwili.

Sheria ya kwanza ndiyo iliyomla muda. Kila wiki alikuja mgeni na swali lililokwisha kujibiwa mwezi uliopita, na mwaka uliopita, na kabla ya hapo. Kwingineko mgeni kama huyo huambiwa akasome huko juu. Marehemu aliandika jibu upya, taratibu, kwa jina la mtu, kana kwamba swali limezuliwa asubuhi ile. Siku moja dada yangu alisoma akichungulia juu ya bega lake.

“Hili si umeshalijibu?”

“Nimeshalijibu.”

“Mara ngapi?”

“Nyingi.”

“Sasa?”

“Huyu hakuwapo.”

Sheria ya pili ilihitajika kwa sababu ya waungwana wawili. Mmoja ni Sajini mstaafu Harcharan Gill wa Jalandhar, aliyekuwa fundi wa ndege za kivita aina ya Canberra wakati wa vita vyetu na majirani vya mwaka 1965. Yuko hapa nasi, benchi la pili, mwenye kilemba cha bluu. Mwingine ni Daktari Naveed Bukhari, daktari wa meno wa Sargodha, upande wa pili wa mpaka, mji ambao ndege za Bwana Gill ziliutembelea mwaka huo huo bila kualikwa. Daktari hakupata viza. Anatusikiliza kwa simu iliyo mkononi mwa Bwana Gill. Sajini, usishushe mkono.

Ugomvi wao ulihusu rangi ya tumbo la Canberra. Uliendelea kwa miaka minane, na familia imeniruhusu kusoma sehemu yake.

Gill aliandika: “Tumbo lilikuwa kijivu. Nililiosha mwenyewe kwa mikono hii.”

Bukhari akajibu: “Sajini, wewe ulikuwa unaliosha likiwa limelala. Mimi nililiona likifanya kazi. Lilikuwa la fedha.”

“Ulikuwa mtoto wa miaka minane, chini ya meza ya mama yako! Uliliona wapi?”

“Meza ilikuwa uani.”

Wanachama wengine walianza kuchagua upande, na kwa muda ilionekana kwamba bara zima lingegawanyika upya kwa sababu ya kopo moja la rangi. Marehemu aliingia na mstari mmoja: “Waheshimiwa, vita vilikwisha. Tuleteeni picha.” Hakuna aliyekuwa na picha. Kila mmoja alipaka tumbo lake rangi aliyoiamini, na zote mbili zikapongezwa.

Jukwaa lilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa katika sheria. Mtu akikosa kipande, aliuliza, na aliyekuwa nacho katika kopo la spea alikituma, popote kilipohitajika, bila kuulizia kingerudi lini. Mwaka 2004 marehemu alinunua Canberra yake mwenyewe, akafungua boksi na kukuta kioo cha chumba cha rubani kimepasuka. Aliuliza. Aliyekuwa nacho cha ziada alikuwa mtu mmoja tu, na alikuwa Sargodha.

Barua za moja kwa moja hazikuaminika. Kioo kile, kisichozidi ukubwa wa punje ya harage, kilifungwa ndani ya kopo la poda ya watoto, kikaenda Sharjah na binamu wa daktari, kikakaa huko hadi muuguzi mmoja wa Udupi alipopata likizo, kikafika Malpe, na kutoka Malpe kikaja Dharwad ndani ya mfuko wa samaki wakavu. Safari ilichukua miezi minane. Kabla hakijatumwa, marehemu alimwandikia daktari kwa adabu: “Daktari, unajua ndege hii ilikuja kwenu kufanya nini?”

Jibu bado liko jukwaani: “Najua, Bwana Salins. Ndiyo maana nataka kioo kiwe safi. Nimesubiri miaka arobaini nimwone vizuri huyo rubani.”

Sasa sheria ya tatu. Ndege yenye gurudumu chini ya pua, ikitengenezwa kwa plastiki, huwa nzito nyuma. Usipoficha chubwi mbili tatu, zile risasi za mshipi wa kuvulia, puani kabla ya kuunganisha nusu mbili za mwili, basi siku ya kumaliza, siku ya furaha, ukiiweka juu ya magurudumu yake itainua pua polepole na kukalia mkia. Hapo hakuna la kufanya, gundi imekauka. Ni kosa ambalo hakuna mtu mwingine duniani awezaye kulifanya ila watu hawa, na kila mmoja wao hulifanya. Marehemu alionya kuhusu kosa hilo katika maandishi yake kuliko jambo lolote jingine, na waliomsikiliza ni wengi.

Canberra yake ilimalizika mwaka 2006. Kioo cha Sargodha kilikaa sawasawa, na tumbo alilipaka kijivu upande mmoja na fedha upande wa pili kwa ajili ya amani. Aliibeba sebuleni kwa mikono miwili, akatuita, akaiweka mezani. Ikainua pua. Ikakalia mkia, ikatutazama.

Dada yangu aliuliza, “Sheria ya ngapi hiyo?”

“Ya tatu.”

“Nani aliiandika?”

Ilikuja kujulikana kwamba siku ya kuunganisha mwili, chubwi zikiwa tayari ndani ya kisosi, alisimama kidogo kumjibu kijana wa Chittagong aliyekuwa anauliza kuhusu uzito wa pua. Aliporudi alifunga mwili kwa furaha. Chubwi zilikutwa kwenye kisosi, na dada yangu alizitumia kuzuia pazia lisipeperuke. Marehemu alipiga picha ya ndege jinsi ilivyokaa, akaituma jukwaani bila neno. Majibu yalikuja mengi kuliko siku yoyote kabla au baada. “Hiyo ndiyo Canberra pekee iliyoshindwa kufika kwetu,” aliandika daktari. “Tunaishukuru.”

Ndege hiyo iko hapa mbele, juu ya meza, kando ya Biblia. Asubuhi mchungaji aliniuliza kwa sauti ya chini kama imevunjika. Nilimwambia, “Hapana, Mchungaji, iko hivyo.” Akaniuliza kama tunaweza kuiegemeza na kitu, kwa heshima ya shughuli. Nikamwambia amwulize mjane. Amemwuliza. Mnaona imekaaje.

Ni desturi kwenye mazishi kusema kwamba marehemu hakuwa mtu wa kuchoka. Familia inaomba radhi, huyu alichoka. Alichoka kama anavyochoka mtu anayefagia uwanja wa kanisa siku ya upepo. Wasimamizi walikuwa watano. Mmoja alihamia Kanada, mmoja alioa, mmoja aliondoka kwa hasira kuhusu upana wa tairi, na wa nne hakuaga. Aliacha tu kuonekana, kama wanavyofanya watu wema. Wanachama wakaanza kuhamia kwenye makundi ya simu, ambako picha husifiwa kwa kidole gumba na kusahauliwa kabla ya chai. Kampuni iliyohifadhi picha zao ilifungwa, na nusu ya kazi za miaka kumi ikageuka viboksi vitupu. Marehemu aliwaandikia wanachama mmoja mmoja kuomba picha hizo tena, akarudisha zilizopatikana. Kila asubuhi, kabla ya sala, alifuta matangazo ya viatu. Wauza viatu walijiandikisha kwa majina ya marubani ili apate shida ya kuwatambua. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu namna madola yanavyoanguka. Hakuna hata kimoja kilichotaja viatu.

Mwaka 2018 mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Madaktari walitaja ugonjwa wa Parkinson. Fundi wa vitu vidogo hawezi kupewa habari mbaya kuliko hiyo, naye aliipeleka jukwaani kwa mistari miwili. Walimjibu kama wanavyojibiana. Bwana Gill alimshauri ahamie kwenye meli kubwa zaidi, “kwa mfano ile halisi.” Daktari Bukhari alisema mkono wa namna hiyo hauna mpinzani katika kupaka mabaka ya kuficha ndege. Kisha, bila kutangaza, watu walianza kumwomba awasimamie kazi zao: wao wakishika brashi, yeye akiwaelekeza kwa maandishi. Kwa miaka mitatu ya mwisho ya afya yake alitengeneza ndege nyingi kuliko zamani, kwa mikono iliyokuwa Quetta, Kandy na Guwahati.

Mwaka jana alianguka bafuni. Baada ya hapo kuandika jibu moja kulimchukua asubuhi nzima, na wageni hawakupungua. Aprili mwaka huu aliomba mtu mmoja, mmoja tu, ashike usimamizi. Ombi lilipokelewa kwa heshima kubwa. Zilikuja pongezi, alama za viganja vilivyounganishwa, maua, na mtu wa Pokhara alimwandikia shairi. Hakuna aliyejitolea. Bwana Gill alisema macho yake hayaoni tena isipokuwa makosa ya wengine. Daktari alisema angependa sana, “lakini nikishika hatamu mimi, magazeti yenu yatasema jukwaa limetekwa.” Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Marehemu alizisoma zote. Tarehe 1 Juni akatoa lile Tangazo.

Mwanzoni mwa Agosti alilazwa Hubballi kwa homa ya mapafu. Walipomruhusu, aliomba kuletwa nyumbani badala ya kuhamishiwa hospitali ya Bengaluru. Tarehe 20 alimwita mkewe kitandani. Nilikuwapo, nikimenya chungwa.

“Hema, tarehe thelathini na moja utalifunga wewe.”

“Kwa nini mimi? Una wanachama elfu nne.”

“Hao watalia, halafu watasema wasubiri kidogo. Wewe utafurahi. Kazi hii inataka mtu mwenye furaha.”

“Miaka ishirini na mbili nimeiombea siku hii.”

“Basi umejibiwa. Unabonyeza pale nilipokuonyesha. Itakuuliza kama una hakika. Sema ndiyo, uje unipe chai.”

“Na hawa wanaouliza maswali?”

Alifumba macho. “Watauliza kwingine,” alisema. “Siwezi kufa huku kuna mtu ananisubiri, Hema. Nifungie.”

Hilo ndilo jambo alilolitaka duniani wiki zile, na hakutaka jingine. Alikataa supu, alikataa redio, hakuacha kuulizia tarehe.

Jumamosi, tarehe 30, Bwana Gill alifika na mkoba mdogo, akisema alikuwa anapita tu. Hakuna njia ya Jalandhar inayopitia Dharwad. Aliketi kando ya kitanda na marehemu alimwuliza kwa shida kama bado anashikilia kijivu. “Kijivu,” alisema Bwana Gill. “Lakini nilipokuwa naliosha, likiwa na maji, jua likipiga, lilikuwa kama fedha. Usimwambie daktari.” Daktari amesikia sasa. Sajini, mkono.

Jumapili, tarehe 31 Agosti, baada ya ibada na chakula, dada yangu alivaa miwani yake, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Sisi tulibaki sebuleni. Alikaa humo kupita muda wa kubonyeza kitufe kimoja. Kulikuwa kimya, kisha kukawa na sauti ya mtu anayeandika kwa kidole kimoja, kisha kimya tena. Alipotoka hakututazama. Alikwenda jikoni, akachemsha chai, akaipeleka kitandani. Mlango wa chumba cha mgonjwa ulikuwa wazi.

“Umefunga?”

“Nimeshughulika nalo. Kunywa.”

“Iliuliza kama una hakika?”

“Iliuliza.”

Marehemu alitabasamu, akanywa chai yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitali. Hakumwuliza alijibu nini. Alikuwa ameishi naye tangu mwaka 1980, na nadhani aliyajua maswali ambayo dada yangu hapendi kuulizwa mara mbili. Alilala vizuri Jumapili, na vizuri zaidi Jumatatu. Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na mkewe, binti yake na daktari wa mtaa, alipumua mara ya mwisho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia. Bwana Gill alisimama mlangoni na kupiga saluti, ingawa marehemu hakuwahi kuwa askari wa jeshi lolote.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Hemalata, binti, Anupama, na mumewe, Kishor Aaron, wa Pune, mjukuu, Nihal, ambaye amekatazwa kuigusa Canberra na ameigusa, na dada mmoja, Bi. Sarojini wa Malpe. Na shemeji mmoja. Ameacha pia Sajini Harcharan Gill, Daktari Naveed Bukhari, na watu wengine wapatao elfu nne ambao familia haiwajui kwa sura, na ambao tangu juzi wanamletea mjane wake picha za ndege zilizokalia mkia, kutoka kila upande wa kila mpaka, zikiwa zimekaa hivyo kwa makusudi. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mfanyakazi huyu aliyechoka sasa apumzike kwa amani, mahali ambapo kitu kikianguka sakafuni huonekana.

Kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu, ambao marehemu aliupenda kuliko sifa: Jumatatu, tarehe 1 Septemba, siku ya kwanza baada ya jukwaa la Gundi na Subira kufungwa rasmi na kwa kudumu, jukwaa hilo hilo lilimpokea mwanachama mpya, muuguzi wa Batticaloa, ambaye ombi lake lilikuwa limeingia Jumapili alasiri. Alitaka kujua kama kuna jambo la kuangalia kabla hajaunganisha mwili wa Canberra yake. Alijibiwa taratibu, kwa jina lake, kwamba aanze na uzito puani. Aliyemjibu amejiandikisha kwa jina la Mke Mkubwa.